Siri ya Mtu na Kazi ya Kumtetea

Waliotunga kanuni za maadili ya ustawi wa jamii walikuwa na ofisi yenye mlango. Jambo hilo linaonekana karibu kila ukurasa wa kanuni hizo: mhitaji anaingia, anaketi, mlango unafungwa, anaeleza yake, anaondoka, na jalada linafungiwa kabatini. Zipeleke kanuni hizo Mgwashi, mojawapo ya kata 18 za Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, uone zinavyopata taabu. Katika vijiji vya Usambara anayetaka kumwona afisa ustawi hupita njia ile ile ya kwenda shambani, zahanati na gengeni. Akipanda mteremko wa upande huu, walio upande wa pili wa bonde wanamwona, na kabla hajafika wameshajiuliza anakwenda kwa nani na kwa lipi. Akiketi kwenye benchi la ofisi ya mtendaji, walioketi naye ni jirani, mkwe, mwalimu wa mwanawe na mzee wa kanisa. Na anayemsikiliza, kama ni mwenyeji, huenda ni binamu wa mmoja wa wahusika wa shauri hilo hilo.

Naandika sura hii nikiwa na jambo moja la kusema. Mtumishi wa ustawi wa jamii hapimwi kwanza kwa huruma yake, maana huruma wanayo wengi: shangazi anayo, jirani anayo, imamu na mchungaji wanayo. Hupimwa kwa anavyolitumia lile alilolijua kuhusu mtu. Akilimwaga ovyo anamharibia. Akilificha lisilopaswa kufichwa anamharibia vilevile. Na akilipandisha jukwaani kwa nia njema, bila ridhaa ya mwenyewe, madhara ni yale yale, ila safari hii yanapigiwa makofi.

Milima hii imeijua kazi ya kutunza wanyonge kwa muda mrefu. Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuzwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali ya Lutindi ipo hadi leo. Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao, na shule ya wasioona. Kabla ya wamisionari na serikali kulikuwa na ukoo. Yatima alikuwa na baba wadogo na mashangazi, mjane alikuwa na shemeji, na mgonjwa alikuwa na wa kumbeba kumshusha bondeni. Ukoo haukuwa na kanuni ya siri, kwa kuwa shida ya mmoja ilikuwa shida ya wote na ilizungumzwa mbele ya wote. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Hapo pia ndipo ulipokuwa udhaifu wake, kwani mwenye shida ambaye aliyemwumiza ni mwana ukoo hakuwa na pa kwenda.

Serikali iliingia baadaye. Ukoloni ulianzisha huduma za ustawi Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa kuwafikiria askari waliorudi kutoka vitani. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1973 ilianzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Kisha ukaja UKIMWI, ukaacha yatima wengi kuliko maafisa wote waliokuwapo. Kuanzia mwaka 2006 Taasisi hiyo, ikishirikiana na Chuo cha Jane Addams cha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, ilianza kuandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii: watu wa vijijini humo humo, wengi wao wa kujitolea, waliopewa mafunzo ya siku chache na kurudishwa nyumbani kuwatembelea watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hakuna afisa wa halmashauri angeweza kufika kila kitongoji cha Bumbuli, hasa masika, barabara zinapoteleza na bodaboda kugoma kupanda. Lakini uamuzi huo ulibadilisha kabisa suala la siri, kwa maana aliyeshika daftari la shida za watu sasa alikuwa jirani yao.

Padre Felix Biestek, Mjesuiti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago hiyo hiyo, alichapisha mwaka 1957 kitabu The Casework Relationship chenye kanuni saba ambazo bado zinafundishwa vyuoni. Mbili kati yake ndizo zinazosumbua zaidi milimani: kutunza siri ya mhitaji, na kuheshimu haki yake ya kujiamulia. Mwaka 2018 wawakilishi wa fani hii duniani walikutana Dublin, Ireland, wakapitisha tamko jipya la maadili. Kanuni hizo mbili zimo, na safari hii tamko linakiri kwamba binadamu huishi akitegemeana na wenzake. Kukiri ni jambo jema. Linalobaki ni la mtumishi wa Mgwashi, ambaye asubuhi anatakiwa amtunzie mtu siri, na jioni yule aliyetajwa katika siri hiyo atamkuta msibani, watakula sahani moja.

Chukua shauri ambalo kila aliyefanya kazi hii vijijini amelikuta kwa sura moja au nyingine. Binti wa darasa la saba amekuwa mtoro, baadaye inajulikana ana mimba. Hebu tufuate habari yake inavyosafiri. Wa kwanza kujua ni mwalimu mlezi, kisha mwalimu mkuu. Anaitwa mama, na mama hawezi kulibeba peke yake, anamwambia dada yake. Nesi wa zahanati anathibitisha. Mtendaji wa kijiji anaarifiwa, naye anampigia mtendaji wa kata. Mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto anaitwa, kwa kuwa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017 uliweka kamati hizo hadi ngazi ya kijiji. Wakati afisa ustawi anafika kutoka Bumbuli na kumwambia binti kwa upole kwamba yote atakayosema ni siri, binti anamtazama tu. Anajua kijiji kizima kinajua. Ahadi aliyopewa haina thamani, na yeye ndiye anayeelewa hilo kuliko aliyeitoa.

Kosa la ahadi hiyo ni kwamba si ya kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, na afisa ustawi ndiye anayepaswa kulishughulikia jambo hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, yaliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, hazimwachii nafasi ya kukaa kimya. Kwa hiyo anayeahidi siri ya moja kwa moja anajua, au anapaswa kujua, kwamba ataivunja kabla ya wiki kwisha. Kesho yake polisi wanafika na mgambo, na binti anajifunza kuwa hata huyu wa serikali aliyezungumza kwa upole ni mwongo. Baada ya hapo hatasema lolote kwa mtu yeyote mwenye daftari, wala wadogo zake hawatasema.

Ahadi ya kweli ni ndogo zaidi, nayo hutolewa mwanzo kabisa, kabla mtoto hajafungua kinywa. Afisa aseme hivi: "Mwanangu, mengi utakayoniambia yatabaki kwangu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, sheria inanitaka nimwambie anayeweza kumzuia. Kabla sijamwambia, wewe nitakwambia kwanza ninamwambia nani, na nitamwambia nini." Ni maneno machache. Yanamrudishia mtoto kitu alichonyang'anywa, yaani uwezo wa kujua lijalo. Huenda akanyamaza siku hiyo. Na anyamaze, atarudi kwa yule aliyemwambia ukweli.

Wengi wanachanganya kutoa taarifa na kusimulia. Taarifa huenda kwa watu wawili watatu wenye mamlaka ya kufanya jambo: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, daktari, afisa wa halmashauri. Inabeba kinachohitajika na kuacha mengine. Masimulizi huenda kwa kila mtu, na siku hizi yana njia mpya. Kamati ina kundi la WhatsApp. Mjumbe mwenye bidii anapiga picha mlango wa nyumba, au fomu ya polisi ya PF3, au mtoto mwenyewe akiwa amejifunika kanga, anaituma kundini kuonyesha kwamba kazi inafanyika. Usiku huo picha imeshafika Tanga na Mombasa, kwa vijana wa Kisambaa walioshuka kutafuta riziki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakataza taarifa za mtu kusambazwa namna hii. Kama wajumbe wengi wa vijijini wangefundishwa sheria hiyo, wangeacha, maana wanaotuma picha hizo mara nyingi si watu wabaya. Wanadhani huo ndio uwajibikaji.

Halafu kuna kumalizana nyumbani. Hapa sitaki kupita haraka, kwa kuwa hapa ndipo maafisa vijana wanapotoka na hukumu nyepesi. Familia mbili zinakaa, wazee wanaitwa, inakubaliwa fedha kiasi fulani, au mbuzi, au kijana amwoe binti. Kesi inakufa kwa sababu mashahidi hawaonekani tena. Ukiwauliza watakwambia, "Tumeyamaliza kifamilia." Mtu wa mjini ataona wamemuuza mtoto wao. Lakini sikiliza wanachokiogopa. Kijana ni mtoto wa jirani ambaye mashamba yao yanapakana. Miaka 30 jela maana yake ni uadui wa vizazi viwili kwenye mteremko mmoja, ambako maji yanapita shamba la huyu kabla ya kufika la yule. Mtoto atakayezaliwa atahitaji kula, na gereza halimlishi. Hizi ni hofu za watu wenye akili timamu.

Hata hivyo hesabu yao imemwacha nje mtu mmoja, naye ni binti. Hakuulizwa. Kwa hiyo nasema bila kusita: afisa au msaidizi wa ustawi asiketi kwenye kikao cha aina hiyo kama shahidi, na asitie saini karatasi yake, hata akiombwa na mjomba wake mwenyewe. Akishasaini amekuwa mhusika, na siku shauri likifika mahakamani jina lake ndilo litakalotumiwa kulizima. Lakini asiondoke akiwatukana wazee pia. Kesi ikiisha, kwa hukumu yoyote, ni ukoo huo huo utakaomlea mtoto na mama yake. Afisa anayejua kazi yake huwaendea wazee kwa jambo jingine: nani atamtunza binti, nani atamlinda asizomewe, nani atamsindikiza akirudi shule. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi darasani. Wengi bado hawarudi, kwa aibu au kwa kukosa wa kuwaachia mtoto. Shangazi mmoja aliyekubali kukaa na mtoto asubuhi ana thamani kuliko semina nzima, na shangazi huyo hupatikana kwa kuongea na ukoo, si kwa kuukwepa.

Lugha nayo ni suala la maadili, ingawa vitabu vinaliweka kando. Afisa aliyepangiwa kazi hapa akitokea Mara au Ruvuma hana ndugu katika shauri, na hilo ni jema. Lakini bibi wa miaka 70 anapoeleza jinsi mwanawe anavyompiga, ataeleza kwa Kisambaa. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina maneno ya uchungu wake. Basi anatafutwa mkalimani, na mkalimani ni jirani. Mwenyeji anasikia kila neno lakini ana ukoo. Mgeni hana ukoo lakini hasikii. Njia niliyoona ina heshima ni kumwachia mhitaji achague mwenyewe nani amtafsirie, na kumkubalia hata akichagua mtu ambaye afisa hampendi. Na mtoto asitumiwe kumtafsiria mama yake katika mambo ya kipigo au ugonjwa. Jambo hilo huumiza wawili kwa mara moja.

Kuhusu mlango usiokuwapo, waliozoea kazi hii wana mbinu zao. Hawaendi nyumba moja; wanatembelea nyumba tano za kitongoji ili isijulikane ni ipi iliyowaleta. Huzungumza na mama siku ya kupima watoto uzito, wakati kila mama yuko zahanati na hakuna anayejiuliza. Huacha gari lenye maandishi ya mradi barabarani na kutembea. Hawaandiki jina kamili kwenye daftari linalobebwa mkobani. Hakuna chuo kilichowafundisha haya kwa namna ya mtihani, lakini nikiulizwa maadili ya ustawi wa jamii yanaonekanaje kwa macho, nitaonyesha nyumba hizo tano.

Siri, hata hivyo, haifai kila mahali, na anayeiabudu atafanya dhuluma kwa jina lake. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na tangu 2012 umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya maskini. Utaratibu wake unapeleka majina ya kaya kwenye mkutano wa kijiji, yanasomwa hadharani, na wanakijiji wanaweza kusema huyu anastahili, huyu hastahili. Kwa mtu aliyefundishwa na Biestek hili linaudhi: umaskini wa mama unasomwa mbele ya umati. Mimi naliunga mkono. Fedha za umma zikigawiwa faraghani, wa kwanza kupata ni shemeji wa mwenye orodha. Aibu ya kusomwa jina ni ndogo kuliko njaa ya mjane aliyeachwa kwa kuwa hana mtu ofisini. Kinachotakiwa ni kujua lipi ni la mtu na lipi ni la kijiji. Orodha ya fedha ni ya kijiji. Sababu ya umaskini wa kaya, kwamba baba ana ugonjwa fulani au binti alibakwa, ni ya wenyewe, na haina haja ya kusemwa mkutanoni hata kama ingewasaidia wapate kura.

Na mtumishi mwenye ndugu katika orodha aseme mapema, kwa sauti, kisha ajitoe katika jambo hilo. Milimani karibu kila mtu ana ndugu katika orodha, kwa hiyo atajitoa mara nyingi, na hilo si dosari. Dosari ni kukaa kimya. Zawadi nazo zina utata wake. Mama aliyesaidiwa akileta mkungu wa ndizi au kuku, kumkatalia ni kumwambia kwamba hana cha kumpa mtu. Wapo wanaosema pokea vyote, wapo wanaosema usipokee hata chai. Mimi nimeamua hivi: kinacholiwa pale pale pamoja, chai au magimbi ya kuchemsha, ni ukarimu, kinachobebwa kwenda nyumbani si ukarimu tena, na chochote kinachokuja kabla uamuzi haujatolewa kirudishwe siku hiyo hiyo, kwa heshima, mbele ya mwenyewe.

Kuhusu haki ya mtu kujiamulia, Usambara ina funzo lake ambalo limeandikwa vizuri katika historia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa kwenye milima mingine ya Usambara. Wataalamu waliona mmomonyoko, na walichokiona kilikuwa kweli. Wakaamuru wakulima wachimbe matuta ya kukinga maji, na asiyechimba alishtakiwa. Jembe likawa mikononi mwa wanawake zaidi ya wanaume, muda wa kulima chakula ukapungua, na watu wakaanza kuogopa kwamba mashamba yaliyotengenezwa kwa amri yatachukuliwa kwa amri. Upinzani ukawa mkubwa, ukaiongezea TANU wafuasi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha serikali ilikuwa imeachana na mpango huo. Mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza hayo katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, na anayetaka kufanya kazi ya ustawi milimani humu angefanya vyema kukisoma kabla ya kukariri kanuni za Dublin. Wataalamu walikuwa sahihi kuhusu udongo. Walikosea kuhusu watu, kwa kuwa hawakuwauliza. Kila afisa anayemwondoa mtoto kwa bibi yake kwa sababu nyumba ni ya udongo, au anayemlazimisha mjane aende polisi asubuhi ile ile, anachimba matuta ya aina hiyo.

Sasa niseme kuhusu utetezi, maana afisa anayefunga majeraha mwaka hadi mwaka bila kuuliza ni nani anayejeruhi, kazi yake ni nusu. Ardhi ya Usambara ni haba na hurithiwa upande wa baba. Mjane anaweza kufukuzwa na shemeji zake kwenye shamba alilolilima miaka 20. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi ni batili. Wajane wengi hawajawahi kuisikia, na mabaraza mengi huamua kana kwamba haipo. Hapa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, ni silaha ya kweli, kwa kuwa msaidizi wa kisheria wa kijijini anaweza kumsindikiza mjane hadi barazani bila kumdai shilingi.

Tanzania imetoa mifano miwili mikubwa ya utetezi ambayo naipenda kwa namna ilivyowatunza watu wake. Wa kwanza ni wa wajane wawili washonaji wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe baada ya waume zao kufa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila zilizotumika ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa dosari ya karatasi. Wakisaidiwa na mawakili wao, walikwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Katika uamuzi huo, unaosomwa duniani kote, wanaitwa E.S. na S.C. Herufi nne, na hoja haikupungua nguvu hata kidogo. Wa pili ni wa Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyeanzisha shirika la Msichana Initiative. Mwaka 2016 alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Alishinda Julai mwaka huo, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Aliifungua kesi kwa jina lake yeye mwenyewe. Hakuna mtoto aliyesimamishwa kizimbani aeleze alivyoolewa, wala picha ya bibi harusi wa miaka 14 iliyohitajika kuwashawishi majaji. Katiba ilitosha.

Nataka wanaokuja Usambara na kamera waitafakari kesi hiyo. Wapo wanaotafuta yatima wa kupiga picha, na mtoto akivaa vizuri wanamwomba avae zile nguo za jana. Wanamwuliza mlezi kama anakubali, na mlezi anayengoja godoro na madaftari hawezi kusema hapana. Ridhaa ya mtu anayengoja msaada mkononi mwa anayeiomba si ridhaa. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, atatafuta kazi Korogwe au Dar es Salaam, na picha yake itakuwa bado ipo. Kama shirika haliwezi kupata fedha bila sura ya mtoto, basi lipate fedha kidogo.

Utetezi mgumu kuliko wote ni ule wa kumsemea mhitaji dhidi ya mwajiri wako. Afisa ustawi analipwa na halmashauri. Mama aliyebakwa akizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi ya halmashauri, wa kulaumiwa ni ofisi ile ile inayomlipa afisa huyo. Hapa sina kanuni nyepesi ya kumpa. Naweza kusema kwamba aandike. Aandike tarehe, ofisi, na alichoombwa mama na alichopewa, apeleke barua kwa mkuu wake, na abaki na nakala. Barua iliyopokelewa kwa muhuri haisahauliki kirahisi kama lalamiko la mdomoni, na inamlinda yeye pamoja na mama.

Kwa mwenyekiti wa kijiji, mganga mfawidhi na mtendaji wa kata watakaosoma sura hii, nina ombi moja lisilohitaji bajeti kubwa: tengeni chumba kimoja zahanati, hata kiwe stoo iliyosafishwa, chenye mlango wa mbao na kitasa, ambamo mtu anaweza kuzungumza na mtumishi mmoja bila benchi la watu kusikia. Na kwa msomaji aliyeko kijijini, ambaye anajua jambo la mtoto lakini kila anayeweza kumwambia ni ndugu wa mtu, kipo chombo cha mbali kidogo na ukoo. Ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapatikana Tanzania nzima. Namba ni 116, na kupiga ni bure.